Tangazo la Jumatano

Watu wengi wa Karagwe na Kyerwa wanamjua Mackrine kwa sikio, si kwa sura. Anaweza kuingia sokoni Kayanga, akapita katikati ya mafungu ya nyanya na mikungu ya ndizi, asigeuziwe hata jicho. Ngoja sasa afungue mdomo aulize bei. "Weee! Si wewe wa matangazo?" Hapo kila mtu anataka kumshika mkono, na mwenye nyanya anapandisha bei papo hapo, maana watu wanaamini anayesikika redioni hana shida. Wangejua!

Alizaliwa Kamuli, kwenye kibanja cha migomba na kahawa, na baba yake alikuwa katekista wa kigango. Mzee yule alikuwa mtu wa saa. Mvua inyeshe, homa impige, kengele ya kigango italia kwa wakati wake, na ole wako mtoto umkute ameshasimama mlangoni wewe bado unafunga kamba za viatu. Mackrine alirithi sauti yake, hesabu akawaachia wenyewe. Alikuwa akisoma somo kanisani mabibi wanafuta machozi kwa ncha za vitenge, lakini mtihani wa hesabu wa kidato cha nne ulimwangusha kifudifudi. Akarudi nyumbani kuchuma kahawa, akamzaa Benitha, na baba wa Benitha akaenda Mwanza kutafuta maisha, maisha yakamshikilia huko huko. Siku Redio Migongo ilipofunguliwa kilimani juu ya Kayanga, wakatafuta mwanamke wa kusoma matangazo kwa Kiswahili na Kinyambo, padri akamtaja yeye. Hajatoka mpaka leo.

Anasoma vifo, anasoma shukrani za waliofiwa, mbuzi waliopotea, vikao vya chama cha msingi cha kahawa. Watu wa huku wana utani wao: ukifa na Mama Benitha hajakusoma, bado hujafa vizuri. Yeye hucheka, lakini utani huo anaupenda.

Sasa, redio ndogo haina watu wa kukaa kwenye kipaza sauti kutwa nzima. Asubuhi yupo Allen, jioni yupo Mackrine, na mchana kila mtu yuko shambani kwake au barabarani akitafuta habari. Mchana redio inajiendesha. Kuna kompyuta moja mezani, na ndani yake fundi mmoja wa Bukoba, Rogasian, aliweka programu inayopiga kazi kimyakimya bila mtu. Unaipa wimbo au tangazo, unaiambia dakika, saa na siku, basi, nenda kalime. Ikifika saa yake inatoa, na inarudia hivyo hivyo mpaka wewe mwenyewe uikataze. Haichoki, haiugui, haiombi ruhusa ya msiba. Mackrine aliibatiza Katekista, kwa ajili ya baba yake, na jina likashika.

Rogasian aliwafundisha kuitumia. Kulikuwa na vijisanduku vitano kwenye kioo: dakika, saa, tarehe, mwezi, siku ya wiki. Vinakubali namba tu, ukiandika neno vinakataa. Aliyoikazania ni saa. "Nyie watu," alisema, "saa saba mchana kwa Katekista ni kumi na tatu. Mkiandika saba, tangazo litatoka asubuhi watu wanapiga mswaki!" Walicheka, akawafanya warudie kama watoto wa chekechea. Kisanduku cha mwisho hakukipa muda. Aliwaambia waweke alama ya nyota, maana nyota ni kila siku, na matangazo yao yote yalikuwa ya kila siku. Kisha akapata kazi Dodoma, akaondoka na begi lake, neno la siri akamwachia Mackrine peke yake, kwa kuwa Allen aliwahi kufuta kwaya zote akitafuta matokeo ya mpira.

Hayo yote yalikwenda salama hadi Jumatatu moja ya mvua, alipoingia mzee mmoja na mabuti ya mpira yenye tope hadi magotini, kofia mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye yule wa redio?"

"Ndiye mimi."

Mzee akamtazama juu hadi chini. "Nilidhani ni mnene," akasema, akaketi.

Alikuwa anaitwa Kashaija, mkulima wa Songambele, mzee wa kanisa la Kilutheri. Mke wake, Therese, alikuwa amelazwa Nyakahanga, ini limeharibika, na madaktari walikuwa wameshaacha kusema habari ya kupona. "Hali, hanywi, ni jina moja tu mdomoni. Ainembabazi, Ainembabazi. Binti yetu."

"Yuko wapi?"

Kashaija aliigeuza kofia mara mbili tatu. "Nilimtafutia mwana wa mchungaji wa usharika wetu. Yeye akaondoka na mchungaji wa ng'ombe." Alisema hivyo bila kucheka, na Mackrine akauma mdomo asicheke. "Nikamwambia asikanyage tena kibanja changu. Kwa mdomo huu. Wakavuka mto, wako upande wa Uganda, kwenye mazizi ya watu huko porini. Simu alibadili. Lakini kila Jumatano anakuja kwenye gulio la ng'ambo kuuza samli. Nilikwenda. Aliponiona akajificha nyuma ya marobota ya mitumba, nikazunguka weee, nikamkosa. Akiniona mimi anakimbia, mwanangu. Redio haina uso."

Akaeleza yote. Katikati ya gulio hilo kuna mashine ya kusaga mahindi, na mwenye mashine hufungulia Redio Migongo kwenye spika kubwa kwa sababu ya nyimbo za Kinyambo. Mawimbi hayaulizwi pasipoti. Watu wa kwenye mazizi hufika mchana, na saa saba wanakuwa wamejaa pale. Siku nyingine zote ni kumtangazia upepo, huko zizini hata redio hawana.

"Basi tutalitoa kila Jumatano saa saba," Mackrine akasema, "mpaka aje."

Akarekodi palepale. "Ainembabazi binti Kashaija, popote ulipo. Mama yako Therese anakungoja. Hana neno na wewe. Baba yako hana neno na wewe. Njoo, mama anakungoja." Alipofika kwenye baba alimtazama mzee kwanza. Kashaija akatikisa kichwa kukubali, macho yako dirishani. Sauti ya Mackrine ilikatika mahali pamoja, wala hakurudia, maana aliona ni vizuri ikae hivyo.

Mzee alipoondoka, akaketi mbele ya Katekista. Dakika: sifuri. Saa: akaandika kumi na tatu, akajisikia msomi. Tarehe nyota, mwezi nyota. Akafika kisanduku cha mwisho, ambacho kwa mara ya kwanza hakikutaka nyota, na akatabasamu, maana hapa hapakuwa na mtego. Jina lenyewe linasema. Jumamosi ni ya mosi, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu, Jumanne ya nne, Jumatano ya tano. Akaandika tano. Katekista akapokea bila neno.

Na wewe unayesoma, nakuuliza, ungeandika nini? Usinijibu haraka.

Jumatano ile Mackrine alikuwa Kamuli akivuna maharage ya mama yake, bondeni ambako mawimbi ya Migongo hupita juu kwa juu. Hakusikiliza, na kwa nini asikilize? Katekista hajawahi kukosa. Alhamisi akapika uji wa ulezi, akapanda bodaboda hadi Nyakahanga kumwona mgonjwa. Therese alikuwa mdogo kitandani, macho makubwa, na alipoisikia ile sauti akaupapasa mkono wake.

"Limetoka?"

"Limetoka jana, mama. Atakuwa amelisikia."

Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Na siku mbili tatu baadaye mama anayemletea maziwa akamwambia, "Lile tangazo lako la binti anayeitwa, Mama Benitha, nimelisikia nikalia." Basi Mackrine angetaka ushahidi gani tena? Hakuuliza alilisikia lini. Nani huuliza swali kama hilo?

Jumatano ya pili ikapita. Alhamisi akarudi na uji. Safari hii Therese hakuuliza kama limetoka. Alikunywa vijiko viwili akageuza uso.

"Amesikia," akasema taratibu kwa Kinyambo. "Kwa sauti hiyo yako, hata jiwe lingekuja. Amesikia, amekataa. Ni haki yake."

"Usiseme hivyo, mama. Njia ni mbali."

"Si mbali," Therese akasema.

Kashaija alikuwa amesimama pembeni ya dirisha. Mishipa ya shingo ilimvimba. Mackrine akaondoka na bakuli lake akimkasirikia binti ambaye hajawahi kumwona. Mtoto gani huyu! Mama yako anakata roho, wewe unauza samli!

Kesho yake alikuwa kwenye mgahawa mmoja Kayanga anakula ndizi na samaki, anachambua miiba kwa vidole. Redio ilikuwa juu ya kabati. Ikapiga saa saba, na sauti yake mwenyewe ikaingia. "Ainembabazi binti Kashaija, popote ulipo." Mgahawa ukatulia. Mhudumu aliyebeba mabakuli akasimama. Mackrine naye alisikiliza, na kusema kweli alijisikia fahari kidogo, pale sauti ilipokatika mzee mmoja meza ya pili akasema "pole sana." Kisha akarudisha macho kwenye sahani, akamwona samaki. Kwa nini anakula samaki? Anakula samaki kwa sababu yeye ni Mkatoliki, na leo ni Ijumaa.

"Mawe!" akalia, kilio cha mtu anayemwita mama yake, na watu wakageuka.

Alipanda kile kilima mbio, mwanamke mzima, viatu mkononi. Akamfungua Katekista. Tano ilikuwa imekaa palepale alipoiweka. Akampigia Rogasian Dodoma, simu ikaita ikakatika, ikaita ikakatika. Alikaa sakafuni karibu na meza akipiga tu, hadi jua likaanza kushuka, ndipo yule bwana akapokea, nyuma yake kelele za magari.

"Rogasian, Jumatano ni ya ngapi?"

"Ya ngapi wapi?"

"Kwa Katekista."

"Aa. Tatu. Yeye anahesabu Jumatatu ndiyo moja. Tano ni Ijumaa." Akacheka kidogo. "Kwani umeandika tano? Lo, Mackrine! Mbona hukuniuliza?"

"Nilijua," akasema. "Sikuuliza kwa kuwa nilijua."

Rogasian akaacha kucheka, akamwambia pole, bila kujua anampa pole ya nini.

Akabadilisha, akaandika tatu. Lakini Jumatano ilikuwa bado siku kadhaa mbele, na mtu hawezi kuivuta siku kwa kamba. Jioni ile alilisoma tangazo mwenyewe, na jioni mbili zilizofuata alilisoma, akijua anausemea upepo, maana zizini hakuna redio. Jumamosi alifika Nyakahanga na maneno yake mdomoni tayari: mama, hakukataa, hakusikia, kosa ni langu. Kitandani pa Therese amelala mwanamke mwingine na mtoto mchanga.

"Wamemrudisha nyumbani jana," muuguzi akasema. "Aliomba mwenyewe."

Simu ya Kashaija haikupatikana. Mvua ilinyesha ile ya kwetu inayofanya barabara iwe uji, na waendesha bodaboda wote aliowauliza wakatikisa kichwa. Jumapili hivyo hivyo. Jumatatu Cleophace, kijana wa bodaboda mwenye redio imefungwa kwa mpira kwenye usukani, akamkubalia, wakateleza njia nzima hadi Songambele, na mara mbili wakashuka kuisukuma pikipiki.

Alipokelewa kama mgeni wa heshima. Akaletewa kikapu kidogo chenye amwani, zile buni za kutafuna, akatia mbili mdomoni zikamshinda kumeza. Wakampeleka chumbani. Therese alikuwa amelala chali, macho nusu, pumzi zinakuja kwa kuokoteza. Mackrine akapiga magoti, akamwekea mdomo sikioni.

"Mama, Ainembabazi hakusikia. Hakukataa. Mimi nilikosea siku, mama. Hajaitwa bado. Ataitwa keshokutwa, atakuja."

Akasema kwa Kiswahili, akarudia kwa Kinyambo, akarudia tena polepole, sauti ile ile inayowaliza watu, ambayo hata jiwe lingeiitikia. Mkono wa Therese ulibaki umelegea ndani ya mkono wake. Akaubinya. Hakuna kitu.

"Amesema neno?" Kashaija akauliza kutoka mlangoni.

"Hapana, mzee."

Hapo ndipo angemwambia. Lakini mzee akatangulia: "Usijisumbue, mwanangu. Wewe kazi yako umeifanya, Mungu akubariki. Yule moyo wake ni wa jiwe, na jiwe lenyewe amelichukua kwangu." Akamwekea mkono begani. Na Mackrine, ambaye anakula kwa ulimi wake, ulimi ukamfia. Alijiambia: Jumatano binti atakuja, wataonana, halafu nitasema. Ndivyo tunavyojidanganya sote.

Therese akafa Jumanne, jogoo wakiwika. Wanawake wakaangua kilio, wanaume wakaingia kibanjani kukata migomba wasafishe nafasi ya kaburi, nyasi za matanga zikatandazwa sebuleni hadi mlangoni. Mazishi yakapangwa kesho yake. Mackrine, aliyekuwa amelala palepale usiku ule, hakuondoka. Barabara ilikuwa mbovu, na hata ingekuwa lami, angekwenda wapi? Akaingia jikoni pamoja na wanawake wengine akamenya ndizi.

Katikati ya kumenya akakumbuka, kisu kikamponyoka. Kesho ni Jumatano. Kesho saa saba Katekista atasema mama anakungoja.

Akakimbia kupanda mpaka kwenye kichuguu chenye mtandao, akampigia Allen.

"Allen, futa lile tangazo. Amefariki."

"Pole, dada. Nitasoma kifo asubuhi. Lakini mle ndani mimi siingii, unajua. Tangu Rogasian aondoke ni wewe tu."

Akamtajia neno la siri. Allen akaandika, mashine ikakataa. Akamtajia tena herufi moja moja, upepo unavuma, sauti inakatika, Allen anasikia "m" yeye amesema "n", na baada ya kukosea mara kadhaa Katekista akafunga mlango, akasema asijaribiwe tena mpaka fundi afungue. Rogasian hakupokea. "Basi zima kompyuta," Mackrine akasema. "Nizime redio nzima, dada? Meneja atanitoa roho." Kisha mtandao ukaondoka.

Alibaki amesimama juu ya kichuguu na simu mkononi. Na nitasema ukweli wote: nusu ya moyo wake ilishukuru. Kumzima Katekista ni kumnyima binti wito wake wa kwanza. Kumwacha ni kumwita kwa uongo. Alitafuta njia ya tatu, hakuiona, akarudi kumenya ndizi.

Jumatano Allen alisoma kifo asubuhi, kama alivyoahidi. Watu wa Songambele walilisikia. Watu wa mazizini walikuwa bado njiani.

Mchana mchungaji alikuwa amesimama kaburini, jeneza limeshashushwa, watu wengi wamesimama katikati ya migomba. Alikuwa amefika pale pa mavumbi kwa mavumbi. Upande wa njia zilisimama pikipiki, na redio ya Cleophace ilikuwa inaongea chinichini, alikuwa amesahau kuizima. Wimbo ukakoma.

"Ainembabazi binti Kashaija, popote ulipo. Mama yako Therese anakungoja."

Mchungaji akanyamaza, udongo mkononi. Shingo zote zikageuka kwanza upande wa pikipiki, kisha, moja baada ya nyingine, zikamgeukia Mackrine aliyesimama palepale mdomo umefungwa na sauti yake inaendelea. "Hana neno na wewe. Baba yako hana neno na wewe." Cleophace alikimbia akakigeuza kitufe akakikosea, ikapanda juu. "Njoo, mama anakungoja!" Ndipo ikazimika. Mwanamke mmoja mzee akaanza kulia upya, na Kashaija akauchukua udongo mkononi mwa mchungaji, akautupa mwenyewe.

Binti alifika jua limeshaelekea milimani. Wanaume walikuwa wanaweka mawe ya mwisho kuzunguka kaburi, watu wengi wamekwenda kunawa. Bodaboda ikasimama, akashuka msichana mrefu, kitenge kipya, kibuyu cha maziwa kimefunikwa vizuri kwa jani la mgomba. Alikuwa anatabasamu. Alikuwa ametabasamu njia nzima, ungeona, mashavu yalikuwa yamekaukiwa na tope katika tabasamu hilo. Kisha akaziona nyasi mlangoni. Akawaona watu walivyokaa. Tabasamu halikutoka mara moja, lilikaa usoni halijui pa kwenda.

"Shikamoo baba," akasema.

Kashaija hakuitikia. Alisimama na jiwe mkononi.

"Umekuja kufanya nini? Wiki zote hizi redio inakuita. Mama yako amekufa anajua umesikia ukakataa. Amekufa na hilo!"

"Baba, nimesikia leo."

"Leo!"

"Leo saa saba. Kila Jumatano niko pale kwenye mashine, baba, naisikia redio hiyo hiyo, sijaitwa. Leo ndiyo mara ya kwanza. Sikumalizia hata kuuza, nimepanda pikipiki na maziwa yake." Akakiinua kile kibuyu kidogo, kama anayetaka kukionyesha. "Si wamesema ananingoja?"

Kashaija akamtazama, na ghadhabu ikaanza kumtoka usoni, na kilichokuja badala yake kilikuwa kibaya zaidi. Akageuza kichwa polepole kumtafuta Mackrine.

Mackrine alikuwa ameshasogea. "Amesema kweli, mzee," akasema.

Ainembabazi alipoisikia sauti akashtuka. "Ni wewe," akasema. "Wewe ndiye uliyesema ananingoja."

"Ni mimi. Tangazo halikutoka Jumatano zile mbili. Lilitoka Ijumaa. Mashine inataka namba ya siku, nami nikaandika tano." Machozi yalikuwa yanamshuka wala hakuyafuta. "Nilihesabu kuanzia Jumamosi, mzee. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Nikapata tano."

Kashaija akahesabu. Walimwona akihesabu, anakunja vidole vyake vyenye udongo kimoja kimoja, midomo inakwenda. Akafika cha mwisho. Akarudia tangu mwanzo, akafika palepale.

"Lakini ni tano," akasema. "Kwani watu wengine wanahesabu kuanzia wapi?"